Baba Alifunga Maji Kwanza

Baba alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo sikumbuki ameshika spana kabla ya kufunga maji. Mtu akimpigia akilia kwamba jiko limekuwa bwawa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Umefunga?" Si pole, si habari. Mafundi aliowafundisha walimtania kwamba hata siku ya hukumu atamuuliza malaika kama amefunga. Baba alicheka, maana alikuwa mcha Mungu asiyeogopa mzaha, kisha akawauliza tena kama wamefunga.

Naandika haya kwa sababu siku ya mazishi maisha yake yalisomwa kwa dakika sita, na aliyeyaandika ni kaka yangu. Yalikuwa na tarehe zote. Hayakuwa na miezi miwili ya mwisho.

Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye rafu za mabomba na meza mbili. Moja ni yangu. Napokea simu, naandika kwenye daftari kubwa nani kavujiwa na nini, nampangia fundi. Baba aliniita karani wa mafuriko. Meza ya pili haikuwa na mwenyewe mpaka kaka aliporudi nyumbani, baada ya miaka ya kuuza simu kwenye duka la watu, akatutangazia kwamba tunaendesha biashara kama kibanda cha nyanya, na Baba akamwachia usimamizi. Daftari langu alilishika kwa vidole viwili, kama anayetoa panya kwenye ndoo.

Akaleta programu tatu za kujaribu. Ya kwanza ilikuwa Kiingereza kitupu, mafundi wakairudisha siku hiyohiyo. Ya pili ilikuwa na sura mbaya, haina picha wala ramani: mimi naandika kazi, fundi anajibu kwa maneno yake mwenyewe, mteja anasoma. Hiyo niliipenda. Kaka akasema inafanana na barua za shangazi. Ya tatu ilikuwa na ramani ya kuonyesha kila fundi yuko wapi, saa ya kuhesabu dakika za kila kazi, nyota za wateja, na juu ya yote ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili.

"Hii ni yetu," kaka alisema. "Hata mzee ataielewa."

Nakumbuka hiyo "hata".

Muuzaji wa programu alikuja asubuhi moja kufundisha. Mafundi watatu waliketi wakafundishwa. Baba hakuwepo, kwa kuwa kaka mwenyewe alimtuma kwenye zahanati ambako bomba lilikuwa limepasuka, akaahidi kumwelekeza baadaye. Huko kumwelekeza kulifanyika mlangoni, Baba akiwa na mkoba begani. Nilikuwa mezani kwangu, nilisikia yote.

"Baba, kila kazi, usisahau kubonyeza Funga. Ukifunga, piga picha. Basi."

"Leo wewe ndiye wa kunikumbusha mimi kufunga?" Baba alisema, na sote tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Wiki hiyohiyo simu zikaanza. Mama mmoja mwenye duka la kufua nguo alinipigia akiwa amewaka: amepokea ujumbe kwamba kazi yake imekamilika na aipe nyota, wakati koki zake zote ni kavu na fundi wetu amelala chini ya sinki. Akatoa moja, akasema ya pili atampiga nayo fundi usoni. Wengine wakafuata, wote wa kazi za Baba. Niliwaomba radhi, na moyoni nikajisemea kwamba Baba anazeeka, anabonyeza ovyo. Sikumuuliza. Hilo ni langu, nimelikiri mbele ya Mungu na silifichi hapa.

Kaka hakuona uzee. Aliona hila. Ripoti ya programu ilisema Baba anabadilisha mabomba ya jiko zima kwa dakika nne, kisha ramani ikamwonyesha amebaki kwenye nyumba hiyohiyo kwa saa tatu. Jumatatu ya wiki ya tatu, mbele ya mafundi wote, akaisoma kwa sauti.

"Dakika nne kazi, saa tatu umbea. Huo unaitwa wizi wa muda, mzee."

Baba alisema hajui karatasi hiyo inasema nini, ila yeye anafunga kila kazi kama alivyoambiwa. Kaka akajibu kwamba ndiyo shida yake, anafunga mno. Mafundi walitazama viatu vyao.

Siku hiyo akalifuta jina la Baba kwenye programu. Alisema si kumfukuza, ni kumpumzisha. Basi mtu aliyeianza kazi hii kwa mkoba mmoja na baiskeli ya kuazima hakuweza tena kupangiwa hata koki inayodondosha. Alikaa nyumbani. Alifungua koki za nyumbani zisizo na ubaya wowote, akazisafisha, akazirudisha. Wiki ya saba, mchana, tulimkuta ameketi kwenye sakafu ya bafu, ameegemea ukuta, spana mapajani, maji yamefungwa. Daktari alisema presha. Sibishani na daktari.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, muuzaji alirudi. Muda wa majaribio ulikuwa umekwisha, ikabidi tuamue kama tunabaki na programu yake au tunaiacha. Kaka alikuwa ametoka, nikakaa naye mimi. Akanionyesha uzuri wa mali yake: hapa dakika, hapa nyota, hapa kila kazi na picha yake. Nikamwambia anionyeshe za Baba. Akasema jina limeshafutwa, lakini picha hazipotei.

Zilikuwa arobaini na moja. Ya kwanza ilikuwa valvu kuu ya kukatia maji kwenye nyumba ya mtu, imekazwa hadi mwisho, na pembeni kidole gumba cha Baba chenye ukucha uliopasuka. Ya pili valvu. Ya tatu valvu ndani ya shimo, ameimulika kwa tochi na kusafisha udongo kwanza ili ionekane. Hakuna sinki lililomalizika, hakuna bomba jipya. Zote arobaini na moja zilikuwa valvu iliyofungwa.

Muuzaji alifikiri mzee alikuwa amechanganyikiwa. Nikamuuliza kitufe cha Funga maana yake nini. Akasema ni kufunga kazi, yaani imekwisha. Nikamuuliza kama amewahi kumwona fundi bomba akifanya kazi. Kwetu kufunga ni kukata maji, ndiyo hatua ya kwanza. Halafu kuna kufunga bomba, yaani kulipachika. Kazi ikiisha, fundi husema amemaliza. Akaniambia neno hilo lilipitishwa na wataalamu wa lugha na haliwezi kubadilishwa. Nikamwambia awasalimie.

Kaka aliporudi nilimweka mbele ya zile picha. Alizipitia zote, alipofika mwisho akaanza upya. Kisha akasema ni kosa la neno tu, lingeweza kumpata yeyote.

"Neno ulimpa wewe, pale mlangoni," nilimwambia. "Na wizi pia ni neno. Ulimpa mbele ya watu, na mbele ya watu utalichukua."

Akasema marehemu haongezewi kitu kwa kusemwa, na mimi mtu wa sala ningejua hivyo kuliko yeye, nisamehe tuendelee. Nilimjibu kwamba Mungu anajua Baba hakuiba wala hakudanganya. Wasiojua ni mafundi watatu na wateja arobaini na mmoja, na hao hawapelekewi habari kwa maombi. Nikaiweka simu ya ofisi mezani kwake na kumwambia sitapokea hata moja, wala sitagusa programu yoyote, mpaka aseme. Ikalia mbele yake. Hakumjua aliyepiga, wala nyumba yake, wala valvu yake iko upande gani. Alivumilia siku mbili na nusu.

Jumatatu akasimama, macho kwenye rafu, akasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba palitokea kutoelewana kuhusu ripoti. Fundi mkubwa, ambaye Baba alimchukua akiwa hajui kukaza nati, akasema, "Hatujasikia, bosi."

Akarudia, maneno yaleyale, kwa sauti zaidi kidogo.

"Tumesikia ripoti," fundi akasema. "Mzee je?"

Kaka akasema Baba hakuiba. Akasema aliyekosea ni yeye. Mafundi wakachukua mikoba yao wakatoka kwenda kazini, na hakuna aliyemshika bega.

Ile programu tumeiacha. Tumechukua ya pili, yenye sura mbaya, ambayo fundi anaandika mwenyewe alichofanya. Juzi mmoja kaandika: nimemaliza, mama karidhika, mbwa wake bado. Nilielewa kila kitu.

Kaka aliniuliza kama imetosha. Nikampa orodha ya wale wateja arobaini na mmoja, kwa mwandiko wangu, pamoja na simu. Anawapigia mmoja mmoja, nami niko mezani kwangu nasikia. Wengine hawakumbuki. Wengine wanamsema vibaya. Yule mama wa kufua nguo alimwacha aeleze hadi mwisho, habari ya neno na habari ya kitufe, kisha akamuuliza kama aliyemwita mzee yule mwizi ndiye mwanawe wa kumzaa. Kaka akasema ndiye. Halafu akanigeukia, simu ameinyoosha kwangu nimpokee.

Sikumpokea. Amefika wa kumi na tisa. Nikisali, nikifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, nasimama hapohapo. Bado ishirini na wawili.