Matone Niliyoyaacha Kabatini

Kosa ni langu, ndugu zangu, nalisema kabla sijamtaja mtu. Lakini wifi yangu nitamtaja vilevile, maana bado namchukia!

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru wa Wamalagasi. Mimi nilikaa Mahajanga, mtaa wa Ampisikina. Kaka yangu na mkewe walikuwa kisiwani Nosy Be. Binti yao alipoposwa, ada yetu Wangazija ilitaka mimi shangazi niwe wa kwanza kumpaka liwa usoni, mbele ya wanawake wote.

Wifi akaniletea salamu: "Asije. Ukoma wake utamwingia mwanangu."

Ukoma! Kweli viwiko vyangu vilitoka magamba meupe, na vidole viwili vilivimba hata pete haipiti. Lakini ukoma? Nililia, kisha nikaapa kumwaibisha uani kwake mwenyewe.

Nikaenda kwa daktari, si kutafuta dawa, bali karatasi. Siku hiyo jicho la kulia lilikuwa jekundu siku ya tatu, likiuma kwa ndani, mwanga siuwezi. Daktari akanitazama kucha, vidole, kisha jicho kwa muda mrefu.

"Bibi, ngozi, viungo na jicho ni ugonjwa mmoja," akasema. "Hauambukizi, na hilo nitakuandikia. Lakini jicho halingoji. Tia matone haya, uje kesho nikuone. Yatakutia ukungu siku chache, usiogope."

Nione ukungu! Nami nilitaka kuuona uso wa wifi ukisawijika! Karatasi nikaitia kifuani, chupa nikaiacha kabatini, kesho yake nikapanda meli.

Nosy Be, mwalimu mmoja wa kike aliyealikwa aliisoma ile karatasi kwa Kifaransa, akaieleza kwa Kimalagasi. Wanawake wakapiga vigelegele. Wifi akasawijika kweli, akanikabidhi bakuli la liwa kwa mikono yake. Mungu anisamehe, sijawahi kuonja raha kama ile!

Siku ya tatu kule jicho likaona moshi mtupu. Nikavumilia hadi harusi ikaisha, eti nisimpe wifi furaha. Niliporudi Mahajanga, daktari akatikisa kichwa. Mboni ilikuwa imegandamana kwa ndani, haifunguki tena. Matone yale ndiyo yangeizuia, akasema, sasa nimechelewa.

Na wifi je? Anatembea Nosy Be nzima akisema: "Mmeona? Alikuja kunidhalilisha, Mungu kamziba jicho." Nilikwenda kumfunga mdomo, nikampa la kusema maisha yake yote! Hasira hasara, nilizoea kuwaambia wenzangu.

Wewe mwenye magamba na viungo vinavyovimba, jicho likiwa jekundu na kuukimbia mwanga, nenda kwa daktari leo. Tia matone kwanza, ugomvi baadaye. Adui yako atakuwapo tu.

Wangu yupo. Namtazama kwa hili moja lililobaki.