Kanga Niliyoiacha Kupro

Kanga hainunuliwi kwa rangi peke yake, kwanza unaisoma. Ile niliyomwagizia mjukuu wangu kutoka Dar es Salaam niliichagua kwa maneno. Ilikuwa nyekundu, na chini imeandikwa: HASIDI HANA SABABU. Nilijua nampiga nani kijembe. Nilikuwa sijawahi kumtia machoni, lakini wivu hausubiri kujuana.

Mimi ni wa Morogoro. Niliolewa na mtoto wa wakimbizi wa siasa wa Afrika Kusini, na nchi yao ilipokuwa huru nikamfuata kwao. Nina cherehani mtaa wa Doornfontein, nyumba mtaa wa Kensington, na binti mmoja tu. Huyo binti alikwenda kufanya kazi hotelini kisiwani Kupro, akaolewa hukohuko, akahamia kijijini kwa mumewe, ndani kabisa, mbali na bahari. Alipojifungua, viza yangu ikachelewa. Kwetu mzazi hulelewa na mama yake siku arobaini: maji ya moto, uji wa pilipili manga, kufungwa tumbo. Wangu alikuwa akilelewa na mama mkwe.

Msusi Mkongomani ninayepanga naye chumba cha kazi hakunificha. "Eish, mama, ule atakunyang'anya mutoto. Uende mbiyo!"

Nilipofika nilikuta kijiji kimya mpaka unasikia kikombe kikiwekwa mezani ng'ambo ya njia. Wazee wa kiume walikuwa mgahawani chini ya mizabibu, na wanawake wamekaa milangoni wakitarizi vitambaa vyeupe. Nimezoea kelele za taksi na mbwa wa Kensington; ukimya ule ulinikera. Binti yangu alinipokea mlangoni amenawiri, mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Nasema kweli, ningefurahi zaidi kumkuta amekonda kidogo.

Kumbe na wao wana arobaini yao. Mzazi hatoki mpaka siku ya kupelekwa kanisani, na mama mkwe ndiye anayepika, anayefua, anayeamka. Yote niliyoyasafiria yalikuwa yameshafanywa, tena vizuri. Nilikoroga uji wangu, binti akaonja kijiko kimoja akasema ameshiba. Alikuwa ameshakunywa supu ya ngano na maziwa ya mgando, bakuli zima, huyu aliyeukimbia uji wangu tangu utotoni! Na yule mwanamke alimwita mama. Neno hilo kwao ni lilelile la kwetu, kwa hiyo sikuweza hata kujidanganya kuwa sikusikia.

Kilichoniokoa ni tumbo la mtoto. Lilimsokota mchana mmoja, akalia, bibi yake wa huko akamtikisa, akamwimbia, wapi. Nikaitoa kanga sandukuni, nikambeba mjukuu mgongoni, nikazunguka ua polepole kama nilivyokuwa nikimzungusha mama yake kule Doornfontein. Akalala. Yule mama akasimama akitutazama, akapiga makofi yasiyo na sauti. Nilijisikia mtu tena.

Kisha akasogea, akaweka kidole kwenye maandishi. Binti yangu Kiswahili anakisikia, lakini kukisoma hakukukazaniwa nyumbani.

"Mama, anauliza imeandikwa nini."

"Mwambie ni baraka. Kwetu kila bibi humpa mjukuu baraka yake."

Akatafsiri. Yule mama akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Nami nikajigeuza kidogo, ayaone maneno yote vizuri.

Siku ya kuondoka binti aliniomba niiache kanga, maana mtoto alikuwa hataki kulala bila kubebwa. Nilisita. Kuiacha ilikuwa ni kumkabidhi yule mama mgongo wangu, kitu pekee nilichomshinda nacho. Lakini mtoto ni mtoto. Nilimfundisha yule mama jinsi ya kufunga, akajua haraka mno.

Wiki hii mtoto amebatizwa. Viza imenichelewea tena, nikaletewa picha kwenye simu nikiwa kazini, msusi ameinama begani kwangu atazame. Mjukuu amefungwa kitambaa cheupe alichopokelewa nacho akitoka kwenye maji ya ubatizo. Kuzunguka pindo lote kuna maandishi yaliyotariziwa kwa uzi mwekundu, na chini ya picha binti yangu ameeleza: mama mkwe wake ameinakili kanga herufi kwa herufi, amekitarizi kitambaa hicho tangu nilipoondoka, kwa sababu hakutaka mtoto aingie kanisani na baraka za upande mmoja.

HASIDI HANA SABABU. Nikaikuza picha kutafuta mshono uliokosewa. Mimi ni fundi, ungekuwepo ningeuona. Herufi zilikwenda sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na H ya kwanza ilikuwa imekaa shavuni kwa mtoto.

Msusi alisoma kwa sauti, akarudia.

"Ni kazi muzuri sana, mama. Lakini hasidi, ni nani huyo?"

Nikaizima simu.

"Ni bibi yake," nikamjibu. "Wa huku."