Pawa Saplai Niliyoianika Juani

Enzi zetu, kule kijijini karibu na Mhunze, betri ya redio haikufa siku moja. Ilikufa kidogo kidogo, na wa rika langu mnajua hatua zote. Kwanza sauti ya mtangazaji ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea huku anatafuna. Baba alifungua mfuniko, ya nyuma akaileta mbele, ya mbele akaipeleka nyuma, na redio ikapata siku mbili nyingine. Zikichoka tena, tulizianika juani juu ya bati la banda la kuku, na sisi watoto tukapangiwa zamu ya kuzilinda. Jioni zilikuwa za moto mkononi. Baba alizipachika, salamu za wasikilizaji zikasikika mpaka kwa jirani, naye akatutazama kwa majivuno na kusema, "Si nilisema? Bado ina uhai hiyo."

Hata zilipokataa kabisa hazikutupwa. Tulizipasua kwa jiwe, ule weusi wa ndani tukautwanga pamoja na majani ya viazi, tukapaka ubao wa darasa. Mama alitusugua mikono kwa dodoki Jumamosi nzima ili tusimwaibishe kanisani. Miguuni tulivaa katambuga za tairi la lori, na vizibo vya chupa vilikuwa magurudumu ya magari yetu ya mabua. Mchana tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na uji wa ukwaju, tukashiba, tukalala kivulini. Vijana wa leo simu ikibaki na chaji kidogo tu wanahangaika kama wamefiwa. Nawacheka, ingawa siku hizi nacheka kwa shingo upande.

Nilihamia Kahama kufundisha, nimestaafu, na ile tabia ya kuanika betri nimestaafu nayo, haijanitoka. Binti yangu Neema ndiye aliyenionyesha hivyo mwaka huu.

Neema anapiga picha za video kwenye harusi. Anazihariri nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani niliyomwachia mimi, kompyuta ya siku nyingi ambayo ikifungua harusi moja unaweza kwenda sokoni na kurudi. Akajibana, akanunua mazabodi mpya, ule ubao mkuu wa mashine, na kadi ya video ya nguvu. Akaniambia sasa anataka na pawa saplai mpya, lile boksi la chuma la nyuma linalogawa umeme ndani ya mashine.

"Ya nini?" nikamuuliza. "Hii ina tatizo gani?"

"Haina tatizo baba, ila ni ndogo. Hivi vitu vipya vinakula umeme mwingi. Na imeshachoka."

Hilo neno lilinigusa pabaya. Nikaichomoa mwenyewe. Nikaipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, nikaiweka uani juani tangu asubuhi mpaka saa nane. Sikujiuliza kwa nini. Mikono ilikwenda yenyewe. Kisha nikaiwasha, feni ikazunguka, nikamwita aje aone.

"Feni kuzunguka siyo kubeba mzigo, baba," akasema taratibu.

"Mayu, mama yangu, hiki ni chuma. Za siku hizi ni makopo matupu. Funga hii, ufanye kazi."

Aliitazama, akanitazama. Akafunga.

Siku ya tatu, mchana, alikuwa anamalizia harusi ya watu wa Ushirombo. Niliposikia mlio mdogo, pu, nilikuwa nakunywa chai barazani. Halafu harufu ya plastiki inayoungua. Fundi wa mjini aliifungua akatikisa kichwa: pawa saplai ilikuwa imezidiwa, imekufa, na imeondoka na mazabodi na diski iliyotunza video. Kadi za kamera zilizorekodi harusi hiyo Neema alishazifuta ili apige harusi iliyofuata. Kwa hiyo ile ya Ushirombo haikuwepo tena mahali popote, si misa, si ngoma, si bibi harusi akiagwa na mama yake. Watu hawafungi ndoa mara ya pili kwa ajili ya video.

Sikula mchana ule. Neema alikaa chumbani kwa muda, akatoka na simu, akasimama uani karibu kabisa na dirisha langu.

"Shikamoo mama. Ni Neema wa video." Akasikiliza furaha ya upande wa pili, maana mama wa bibi harusi alidhani anaambiwa kazi imeisha. "Mama, nina habari mbaya. Video imepotea yote. Hapana mama, haiwezekani kuipata. Kosa ni langu. Niliunga kifaa kidogo kwenye mashine kubwa." Akapokea maneno kwa muda mrefu, akijibu, "Ndiyo mama. Una haki mama."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Ningeweza kusema lete hiyo simu. Sikusema.

Alipokata, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningekutajaje, baba? Wewe ulikuwa unanisaidia."

Akaingia ndani kupika.

Sisi pia tulimnyamazia baba yetu alipokosea, na alikosea sana yule mzee. Tulimnyamazia kwa sababu fimbo yake ilikuwa juu ya mlango, na kila mtu aliijua. Neema sijamchapa tangu azaliwe, haniogopi hata chembe. Amenifichia kosa kwa upole, jinsi mtu anavyomfichia mzee ambaye hatamwomba tena ushauri. Baba yangu hadi anaingia kaburini tulimwogopa. Mimi binti yangu ananihurumia, na leo jioni, akiniletea ugali mezani na kunimiminia maji ya kunawa, nimeona kwamba kuogopwa kulikuwa kwepesi kuliko hivi.