Vigelegele kwa Mgeni Asiye Wetu

Jamani, chekeni kabisa mmalize ndipo niendelee, maana mimi ni mwalimu wa jiografia, longitudo nazifundisha kila mwaka pale Kongwa, na aibu niliyoipata uwanja wa ndege Dodoma wanafunzi wangu wasiisikie kamwe.

Dada yangu Neema alikuwa anarudi kutoka Toronto baada ya miaka tisa. Baba alifariki yeye hayupo, hata kuzika hakuweza kuja, na mama alishaapa kwamba siku mwanawe akitua, uso wa kwanza kuuona uwe wake. Neema akatuma ujumbe: "Naondoka Ijumaa jioni, nikifika Dar nitawapigia." Mwenye akili angesubiri apigiwe. Mimi nikaperuzi umbali wa Toronto mpaka Dodoma, nikakuta kilomita elfu kumi na mbili na ushee, saa kama kumi na sita hewani, nikajumlisha na ile Ijumaa jioni (kujumlisha tu, kama naenda kijijini kwetu Mlali!), nikatangaza kwenye kundi la ukoo: Jumamosi asubuhi, wote uwanjani.

Wakaja. Mama wadogo na muheme, zile ngoma za wanawake wa Kigogo, mashangazi na khanga za kutandika chini, mama mbele kabisa. Ndege ikatua, akatoka dada mmoja mrefu, barakoa usoni na miwani myeusi, nikapayuka, "Huyo hapo!" Weee! Ngoma zikalia, khanga zikatandikwa, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, akamrukia shingoni analia, "Mwanangu, baba yako alikuita mpaka mwisho."

Yule dada akamkumbatia mpaka kilio kikapungua, ndipo akavua barakoa. "Shikamoo mama. Pole sana. Mimi nimekuja semina."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Madereva teksi hoi kwa kucheka, na shangazi ananiuliza mbele yao, "Mwalimu, ndiyo hesabu zako hizo?" Ikabidi nieleze kwamba hakuna ndege ya moja kwa moja, anabadilisha Ulaya, anabadilisha Dar, na saa za kule ziko nyuma yetu.

Mama hakunigombeza. "Kwa hiyo kule alikotoka hakujakucha, na sisi hapa jua limeshapanda?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu bado yuko njiani?" Akatazama juu, kweupe, hakuna hata wingu. "Mungu ni mkubwa. Dunia pana hivi, na bado inamrudisha kwangu."

Miaka yote nachora zile longitudo ubaoni, sijawahi kufikiria kwamba kuna mtoto wa mtu anazivuka.

Neema alitua Jumapili. Ukoo uligoma kurudi, ngoma ziko Mlali, tulikuwa mimi na mama tu. Mama akatandika khanga yake, akafungua mikono, sauti haitoki, vigelegele vya jana vilishaimaliza.

Walishikana muda mrefu. Halafu Neema akafuta machozi, akaangaza huku na huku. "Mbona kimya hivi? Ndugu wako wapi?"

Mama akaninyooshea kidole.

Siku hizi mtu akiniuliza ndege inafika saa ngapi, namjibu, "Subiri akupigie."