Kumimina Picha Pana Kwenye Kaseti: Miaka Yangu Minne Studio, Tunduma

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sare ya shule, kwa sababu Mama alisema ndiyo nguo yangu pekee yenye adabu. Nilikuwa kidato cha kwanza, likizo ya Juni. Mama anauza mitumba mjini, na alikuwa amechoka kuambiwa kwamba nimeonekana tena mpakani nikiwaigiza madereva wa malori kwa Kibemba kibovu. Akanishika mkono hadi studio ya video iliyo nyuma ya meza yake, akamwambia mwenye studio, "Mpe kazi yoyote, mradi akae." Nilikaa miaka minne, kila likizo na kila Jumamosi. Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, naingia kidato cha tano bweni, na kwa kuwa wastaafu wote huandika, nami nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaodhani video ilizaliwa ndani ya simu.

Mkuu wangu aliitwa Fundi Mkuu. Hakukuwa na fundi mwingine, kwa hiyo sijui ukuu huo alimshinda nani, lakini ukimwita vinginevyo haitiki. Kituo changu cha kwanza kilikuwa kaunta, kuandika majina ya maharusi kwenye majalada. Baada ya mwaka nilipandishwa kwenda nyaya: wa njano hubeba picha, mweupe na mwekundu hubeba sauti, na ukizichanganya mchungaji anatokea bubu. Kidato cha tatu ndipo nilipokabidhiwa meza ya kaseti, na hapo utani wangu ulipata likizo ndefu.

Mtauliza nani bado anataka kaseti. Wazee wanataka. Huko milimani Ileje na Mbozi zipo nyumba zenye deki ya kaseti inayofanya kazi na TV ya chogo ya inchi kumi na nne, na mwenye nyumba anajua kitufe kipi kinafanya nini hata akifumba macho. Lakini kamera za siku hizi zinapiga HD. Picha ya HD ni pana na ina mistari zaidi ya elfu moja kutoka juu hadi chini. Ya kaseti ni karibu mraba, ina mistari isiyofika mia sita. Fundi Mkuu alinifundisha siku ya kwanza mezani, akiwa ameshika kikombe cha chai na hajanikaribisha.

"Unamimina ndoo kwenye kopo," alisema. "Yatamwagika tu, hilo usijidanganye. Kazi yako ni kuchagua yamwagike yapi."

Nilijifunza mengi. Nyekundu kwenye kaseti hutapakaa kama wino kwenye karatasi mbichi, kwa hiyo joho la kwaya unalipunguza rangi kabla ya kurekodi. Mistari myembamba, kama ya mabati ya nyumba, hutetemeka kwenye TV ya chogo kama inasikia baridi, kwa hiyo unailainisha kidogo, kidogo tu, nyuso zisiote ukungu. Picha ya kaseti huchorwa nusu nusu, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa au kinyume chake, na ukikosea zamu mtu anayetembea anakuwa kama anavutwa kwa kamba. Jambo la mwisho ni kwamba kaseti hairukishwi. Video ya saa mbili inarekodiwa saa mbili, na unatakiwa ukae uitazame yote.

Sasa upana. Picha pana haiingii kwenye mraba, na njia ni tatu. Unaweza kuibana, watu wote wakawa warefu na wembamba kama mahindi ya kiangazi. Unaweza kuiacha yote na kuweka utepe mweusi juu na chini, lakini kwenye inchi kumi na nne nyuso zinakuwa punje. Au unakata mbavu: unatupa sehemu moja ya nane kila upande, na katikati inajaa kioo vizuri. Harusi zote tulikata mbavu. Bwana na bibi harusi wako katikati, pembeni ni mashangazi wanaotafuna, na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa mashangazi.

Bibi Kibona alikuja kutoka Ikinga asubuhi ya Jumamosi, flash ameifunga kwenye pindo la kanga. Nilimwamkia, akanipokea kwa mikono miwili, akaketi na kutueleza taratibu. Mwanawe wa pili, Lusekelo, alikuwa amefariki, na akazikwa wakati yeye mwenyewe amelazwa hospitali Mbeya. Alibakiwa na mtoto mmoja, Ambakisye, anayefanya biashara Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ndugu hao waligombana, na mkubwa hakukanyaga Ikinga kwa miaka mingi. Watu walimwambia Bibi kwamba Ambakisye alikuja mazikoni na kumtupia mdogo wake udongo. Yeye hakuwaamini. Video ya mazishi ilikuwa kwenye ile flash, naye alitaka tumwekee kwenye kaseti.

Fundi Mkuu akamwambia kwa jirani yeyote mwenye runinga bapa angeona vizuri zaidi.

"Huko nitatazama na watu," Bibi alijibu. "Na watu wa msibani husema la kukutuliza. Mimi nataka nimwone mwanangu peke yangu, kwa deki yangu. Kama alitupa udongo, nitamwita nyumbani siku ya kuanua matanga. Kama hakutupa, basi nimezika wawili."

Fundi Mkuu alikuwa na safari ya Mbeya, akaniachia kazi. Nililainisha bati, nikapunguza joho la kwaya, nikapanga zamu ya mistari. Nikakata mbavu, kama kawaida. Nilitazama dakika ishirini za mwanzo, picha ikawa safi mno hadi nikajipongeza. Kisha nikatoka kwenda kuwachekesha wauza simu wa ng'ambo ya barabara, nikarudi kaseti ilipokwisha. Bibi akaichukua, akanibariki.

Baada ya wiki mbili alirudi na maharage kwenye kitenge. Alikuja kushukuru. Alisema picha ilikuwa safi, kila uso aliutambua. Mwendesha ratiba ya mazishi aliita kwa kipaza sauti kaka wa marehemu asogee, na yeye akasogea karibu na kioo ili asikose. Hakuna aliyetokea. Alirudisha nyuma mara nne. Hakuna.

"Sasa najua," alisema. "Nimewaambia ukoo asiitwe. Asanteni kwa kunionyesha ukweli."

Alipoondoka, Fundi Mkuu hakugusa maharage. Aliniuliza kama niliitazama kaseti yote. Nikasema ndiyo, na niliisema haraka mno. Hakubishana. Aliwasha kompyuta, akafungua video yenyewe, pana, mahali pa kuitwa kaka wa marehemu. Kamera ilikuwa imesimamishwa juu ya miguu yake mitatu, haisogei. Kaburi katikati, mchungaji kushoto kidogo. Sauti ikaita. Kulia kabisa, ukingoni mwa picha, mwanaume mmoja alivua kofia, akainama, akateka udongo kwa mikono miwili na kuutupa kutoka pale pale aliposimama. Alibaki ameinamisha kichwa. Hakuzunguka kwenda mbele za watu. Nadhani aliona aibu.

Harusini mwenye shughuli hukaa katikati. Msibani, mtu unayemtafuta anaweza kuwa amesimama pembeni. Hilo halikuandikwa popote studioni kwetu.

"Utaifanya upya," Fundi Mkuu alisema, "na utaipeleka wewe."

Niliifanya siku mbili. Sikukata kwa mkasi mmoja. Nilipita picha kwa picha, nikisogeza dirisha kumfuata aliyeitwa: shangazi kushoto, wajukuu katikati, na kaka alipoitwa nikalipeleka kulia polepole hadi mwisho. Tena nikamwachia nafasi pembeni, maana TV ya chogo nayo hula ukingo wake. Kisha nikakaa nikaitazama kaseti yote, saa moja na dakika arobaini, hata choo sikwenda.

Ikinga nilimkuta Bibi akianika kahawa. Nilimwambia uwanjani, nimesimama, kwamba mwanawe alikuja na mimi ndiye niliyemkata. Aliingia ndani, akaweka kaseti, akaketi karibu na kioo. Ambakisye alipovua kofia, Bibi alisimamisha picha. Ilitetemeka, kama zinavyotetemeka picha za kaseti zikisimamishwa, lakini uso ulikuwa uso.

"Amekonda," alisema.

Alichukua simu yake ya batani, akapiga Nakonde. Walisemezana maneno machache kwa Kindali, kisha akaninyooshea simu. "Anasema alishasikia kwamba nilimkana. Mwambie mwenyewe."

Nilimwamkia. Nikasema, "Baba, ulikuwepo. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye picha, na sikuitazama. Nisamehe."

Nyuma yake nilisikia malori.

"Sasa hivi ananiona?" aliuliza.

"Anakuona, baba. Umeshika kofia."

"Mpe simu mama."

Niliwaacha. Nilikaa kwenye kichanja cha kahawa, nikageuza punje ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Mimi Mnyamwanga, Kindali nashika neno moja moja, na siku ile sikujaribu kushika zaidi.

Fundi Mkuu hakunifukuza. Alinirudisha kaunta miezi mitatu, kisha asubuhi moja akaniachia ufunguo wa meza ya kaseti bila hotuba. Tangu hapo nilitazama kila kaseti hadi mwisho, hata sherehe za jubilei zenye hotuba za madiwani, na hiyo ni adhabu inayotosha jinai yoyote. Sijui matanga ya Ikinga yaliisha vipi. Bibi hakuleta habari, nasi hatukumuuliza. Waliozungumza ni mama na mwanawe, na mimi niliwahi kuingia katikati yao mara moja bila kuitwa.