Picha ya Mirihi Ukutani Mutsamudu

Habari ya chombo kilichotua Mirihi tuliisikia kwenye redio ya mama, asubuhi, tukinywa chai nyumbani kwetu Badjanani, katika Moroni ya zamani. Mama alizaliwa Unguja. Huko ndiko alikoolewa na baba, Mdzuani, mtu wa kisiwa cha Nzuani, aliyekwenda kusoma dini, na huko ndiko nilikozaliwa mimi. Baada ya mapinduzi ya Unguja walihamia Komoro, na miaka michache baadaye wakaachana bila ugomvi. Baba akarudi kwao Mutsamudu, mama akabaki Moroni kwa jamaa zake. Mtaa mzima ulizungumza Shingazidja, lugha ya kisiwa kile. Sisi wawili, mlango ukishafungwa, tulizungumza Kiswahili, na redio ya mama ilishika Dar es Salaam tu.

Mtangazaji alisema chombo kisicho na mtu ndani kimeshuka juu ya sayari ya Mirihi, kimesimama salama, na kimeanza kupiga picha ardhi ya huko. Mama akaweka kikombe chini.

"Bila mtu?"

"Bila mtu."

"Basi nani anayebonyeza?"

Nikaanza kumweleza mambo ya mitambo na mawimbi, nikakwama katikati, maana sikuyajua vizuri. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Mfaransa, na Wafaransa walikuwa wameshaondoka. Uhuru wetu ulikuwa ndio kwanza umetimiza mwaka. Rais wa kwanza alikuwa ameshapinduliwa, na aliyeshika nchi baada yake alituambia kila siku kwamba nchi sasa ni ya vijana. Shuleni hilo lilikuwa na maana moja: sisi wa darasa la mwisho tulikabidhiwa chaki tukaambiwa twende tukawafundishe wadogo zetu.

Picha yenyewe niliipata kwa mama mdogo, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani katika kisiwa cha Reunion. Alikuja kutuona akiwa na gazeti la Kifaransa la picha, na katikati yake, kurasa mbili nzima, ilikuwapo Mirihi. Nilikuwa nimetarajia kitu cha ajabu. Nikaona mawe. Mawe makubwa kwa madogo, yametapakaa kwenye mchanga mwekundu, na juu yake anga la buluu. Pembeni kulionekana kipande cha chombo chenyewe. Nilikuwa nimeyaona mawe kama yale maisha yangu yote, kwenye njia ya kwenda Itsandra, pale volkano ilipomwaga moto wake zamani. Yetu meusi, yale mekundu, basi. Sikuweza kuyaacha. Nilimwomba mama mdogo zile kurasa akanipa, akicheka kwamba wasichana wenzangu huomba vitambaa.

Nilipangiwa kufundisha Mutsamudu, mji wa baba. Nilikwenda nikakaa nyumbani kwake, ndani kabisa ya mji wa mawe, ambako vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Baba alikuwa mwalimu wa dini. Wakomoro humwita mtu kama yeye fundi. Watu walimjia pia kwa jambo jingine. Alikuwa na kitabu cha falaki alichorithi, na kwa kitabu hicho aliwaambia saa njema ya kufunga ndoa, kusafiri au kuweka msingi wa nyumba. Katika kitabu kile Mirihi ni nyota ya nuhusi, nyota ya damu na chuma. Saa yake ikiingia, mwenye akili hafanyi jambo.

Mimi nikaibandika Mirihi kwenye ukuta wa darasa siku ya kwanza.

Haikupita wiki wazazi wakaanza kuwazuia watoto. Mama mmoja alifika mlangoni, akamwita bintiye kwa ishara bila kukanyaga ndani. Jioni ile baba alingoja tumalize kula.

"Nasikia umeiweka Mirihi kwenye chumba cha watoto."

"Ni picha ya mawe, Baba."

"Nimekwenda nikaiona. Najua ni mawe, nina macho." Alinawa mikono taratibu. "Watu wa mji huu wananiuliza mimi saa ya Mirihi inaingia lini. Nami nawajibu. Wewe ni mwanangu, unakula kwangu, na unawaonyesha watoto wao kwamba hakuna kitu. Itoe."

"Siitoi."

Sijui nani alishangaa zaidi, yeye au mimi. Hakuwahi kujibiwa hivyo na mtu, na mimi sikuwahi kumjibu hivyo mtu yeyote. Hakunipiga wala hakunifukuza. Ila kutoka jioni ile hatukusemezana. Tulikaa nyumba moja, akaendelea kuniachia chakula kwenye sinia, nami nikaendelea kumfulia kanzu zake.

Kisha mama akanitumia gazeti jingine kwa boti. Ndani yake ilikuwamo picha ya ardhi ileile, lakini anga lilikuwa limebadilika. Si buluu tena. Lilikuwa na rangi kama ya vumbi lililochanganywa na waridi. Maelezo yalisema waliotengeneza picha za awali walikosea. Walidhani anga la kule ni kama letu, wakaipa picha rangi kwa dhana hiyo. Baadaye walitazama alama za rangi zilizopakwa kwenye chombo chenyewe, rangi walizozijua kabla hakijaondoka duniani, wakaona haziendi sawa. Wakasema wazi kwamba wamekosea, wakatoa nyingine.

Niliibandika kando ya ile ya kwanza. Msichana mmoja, mwenye maswali kuliko wote, akauliza ipi ni ya uongo.

"Hakuna ya uongo," nikamwambia. "Moja ina kosa, na nyingine ni kosa hilo likiwa limerekebishwa."

Niliona fahari kulisema lile jibu, na mpaka leo naliona ni somo bora nililowahi kutoa.

Mji kwa wakati huo ulikuwa mikononi mwa kamati ya vijana. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Mutsamudu niliyesoma naye Moroni, dawati la mbele yangu. Alikuwa mwerevu, na hilo ndilo lililoniuma. Wangekuwa wapumbavu watupu ningewasamehe mengi. Walikataza harusi kubwa, na hapo sikuwa na ugomvi nao, nilikuwa nimeona familia zikifilisika kwa ajili ya sherehe. Walikataza wanawake kujitanda shiromani, ile nguo kubwa ya Nzuani ya kujifunika. Hata hapo nilinyamaza; sikuwa nikiipenda. Ila walianza kuwavua wanawake njiani kwa nguvu. Wakawakamata waganga, kisha wakawa hawatofautishi mganga na mwalimu wa Kurani.

Mwenyekiti alikuja darasani watoto walipokwisha kutoka. Alizitazama picha muda mrefu, na kwa muda ule alirudi kuwa mwanafunzi mwenzangu.

"Zimekaa vizuri," alisema. "Kesho tuna mkutano pale karibu na bandari. Utazileta. Utawaonyesha watu kwamba nyota ya mafundi ni jabali tu, kisha utamwambia baba yako mbele ya wote kwamba amekuwa akiwadanganya."

"Baba yangu atakuwepo?"

"Tutamleta. Yeye na wenzake."

"Na nikikataa?"

"Wewe hukatai. Wewe ndiye uliyezitundika."

Usiku ule sikumwambia baba chochote, kwa kuwa hatukuwa tukisemezana, na kwa kuwa nilijua hata akijua hatakimbia. Asubuhi nilifungua sanduku, nikatoa shiromani ya marehemu bibi, mama yake baba, nikajitanda toka utosini. Sikuwa nimeivaa tangu nifike. Nikazikunja picha chini ya kwapa, nikatoka.

Watu walijaa. Ngome iliyo juu ya mji ilikuwa imetupa kivuli chake upande mwingine, na sisi sote tulikuwa juani. Wazee walikuwa wamekalishwa chini mbele, vichwa wazi, bila kofia wala vilemba. Baba alikuwa mwisho wa mstari. Alinitazama shiromani, akatazama chini.

Mwenyekiti hakusema neno kuhusu nguo yangu, nadhani alinihitaji. Nilisimama nikaanza kusema Shindzuani, lugha ya Nzuani, na Shindzuani changu kilikuwa kimejaa matamshi ya Moroni, watu wakacheka. Kicheko kile kilinisaidia. Niliinua picha ya kwanza, nikaeleza kosa la anga. Nikainua ya pili, nikaeleza jinsi walivyolirekebisha.

"Hayo yatosha," alisema mwenyekiti. "Sasa mwambie fundi kuhusu kitabu chake."

"Kitabu cha baba yangu kimekosea kuhusu Mirihi," nilisema. "Nimeshamwonyesha hivyo, na amenikasirikia. Hatusemezani mpaka leo."

Watu wakacheka tena. Hata mzee mmoja kwenye mstari alitabasamu. Mwenyekiti alidhani nimemaliza, akanyoosha mkono apokee picha. Sikumpa.

"Lakini ugomvi huo ni wetu, tuliugombania nyumbani, yeye amekaa kwenye mkeka wake na kofia yake kichwani. Nyinyi mmemkalisha mavumbini ili akubali. Hawa waliopiga picha hizi walikosea rangi ya mbingu nzima, wakasema mbele ya dunia kwamba wamekosea. Nyinyi mmeushika mji huu mwaka sasa. Mmekosea lipi? Semeni moja tu, hata dogo. Mmerekebisha lipi?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa, kama ninajua ninalofanya. Nikamjibu kwa Shindzuani changu kibovu, kwa sauti, kwamba najua. Hapo alizichukua picha zote mbili akazichana, na vijana wenye bunduki wakanishika mikono. Shiromani ilianguka. Niliinama nikaiokota kabla hawajanivuta, nikaishika mpaka tulipofika kwenye ofisi ya kamati.

Nilifukuzwa ualimu siku hiyohiyo. Adhabu yangu ilikuwa kubeba mawe ya kujengea mudiriya, jengo jipya la serikali ambalo kila wilaya ilitakiwa kuwa nalo. Tulikuwa wanawake wengi, wengine kwa kosa la kujitanda, wengine kwa kosa la kucheza ngoma ya harusi. Tulibeba kichwani kutoka mtoni mpaka juu. Siku ya kwanza shingo yangu ilikaza hata sikuweza kuangalia pembeni.

Asubuhi iliyofuata baba alikuja pale mtoni. Mlinzi, aliyesoma Kurani kwake, alijifanya hamwoni.

"Umesema kitabu changu kimekosea," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa muda mrefu.

"Ndiyo, Baba."

"Mbele za watu."

"Waliniuliza mbele za watu."

Kisha akatoa ndani ya kanzu kata, ile nguo ya kuviringa inayowekwa kichwani chini ya mzigo. Kitambaa nilikitambua. Kilikuwa kilemba chake, kile cheupe cha Ijumaa.

"Wamesema nisikivae," alisema. "Hawakusema wewe usikibebee mawe."

Akaniwekea mwenyewe kichwani, akaibonyeza ikae vizuri, akaondoka kwa hatua zake za kawaida.

Wale wanawake ndio waliokuwa darasa langu kipindi kile. Tukikaa kupumzika, mmoja huniuliza: kule Mirihi kuna maji? Nani atayabeba mawe ya kule? Nilichora chini kwa kijiti, jua, dunia, Mirihi, na mlinzi akikaribia tulifuta kwa miguu na kuanza upya akienda zake. Siwezi kusema tuliteseka kila saa. Tulicheka sana, na kucheka kule kuliwaudhi kuliko neno lolote nililowahi kulitamka.

Serikali ile ilianguka kabla kuta hazijaisha. Mamluki Wazungu waliingia kwa bahari, rais akauawa, na wakubwa wa zamani wakarudi kwenye viti vyao. Mutsamudu ilisherehekea. Mimi nilifurahi kwa siku moja. Ya pili wazee wa mji waliniita. Walinishukuru kwa yale niliyosema bandarini, wakanipa kahawa, kisha mmoja wao akasema ingefaa sasa, kwa heshima, niwaombe mafundi radhi kwa kuitundika ile nyota, na niahidi sitaifundisha tena.

"Siahidi," nilisema.

"Vijana walikulazimisha."

"Vijana walizichana. Niliyezitundika ni mimi."

Waligeuka kumtazama baba, wakitaraji atanikemea. Baba alimaliza kahawa yake. "Mimi nimeshindwa naye," alisema. "Nyinyi mtamweza?" Mkutano ukaishia hapo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa gerezani wakati huo, na hakuna aliyethubutu kumpelekea chakula. Mama yake alikuwa akiishi kichochoro cha nyuma yetu, akiogopa kutokeza. Nilipika wali na samaki, nikafunika sahani kwa shiromani, nikapita katikati ya mji mchana kweupe. Mwanamke mmoja aliyebeba mawe pamoja nami aliniuliza nimerogwa au vipi. Nilimwambia wakinikataza nisiseme sikubali, na wakinikataza nisimlishe mtu sikubali pia.

Askari wa mlangoni akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Tulisoma darasa moja."

Aliletwa, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Alikula huku amenipa mgongo. Alipomaliza alisema, bila kugeuka, "Mkutanoni ulinidhalilisha."

"Ndiyo."

"Na bado unaniletea chakula."

"Kesho nitaleta muhogo. Wali umekwisha."

Nilimpelekea mpaka alipoachiliwa. Alihamia Marseille, na hatukuandikiana. Hakuniomba radhi, nami sikumdai.

Nilirudi darasani na nikafundisha Mutsamudu mpaka nilipostaafu. Kila mwaka nilipofika kwenye somo la sayari, mzazi fulani alikuja kulalamika. Sikubishana nao tena mlangoni. Niliwavutia benchi la nyuma, nikawaambia wakae wasikilize, na wakitaka kuniambia nimekosea, waseme mbele ya watoto. Wengine waliondoka kwa hasira. Wengine walikaa mpaka kengele ikalia.