Hajira Ashika Kiko cha Ukoo

Muhsin alingoja eda iishe, hilo tumpe. Hakuja na maneno yake msibani, wala wakati shemeji yake amekaa ndani anamlilia marehemu. Eda ilipoisha tu, huyo! Bodaboda ikamshusha Mashewa asubuhi na mapema akitokea Mnyuzi, kofia safi kichwani, na pikipiki ya nyuma yake imempakia Mzee Zaidi, baba yake mdogo, mkubwa wa ukoo aliyebaki. Ukiona ujio wa namna hiyo unajua watu hawakuja kusalimia.

Hajira alijua. Alizaliwa Handeni, akaolewa Mashewa angali msichana, na lile shamba la bondeni alilifyeka yeye na marehemu Isihaka lilipokuwa pori la nguruwe. Mahindi, mihogo, na pembeni matuta ya tumbaku. Sasa Isihaka hayupo, na mtoto waliyejaliwa ni mmoja tu, Maryamu, naye ni wa kike. Basi, kwa Muhsin hiyo ilitosha. Shamba la kaka lirudi kwa ndugu wa kiume, mjane arudi kwao Handeni akapumzike. Akapumzike! Nani alimwambia amechoka?

Wanaume wengine wa ukoo nao wakafika, wote wakakaa mkekani, uani. Hajira akampa Mzee Zaidi shikamoo yake, akaketi karibu na mlango wa jiko, Maryamu kando yake.

Ukoo ule una jambo lao. Kikao hakianzi mpaka kiko kiwashwe. Aliyekishika ndiye msemaji, na maadamu kinawaka mkononi mwake hakuna wa kumkatiza, awe nani. Kikizimika, zamu yake imekwisha, ila mkubwa wa ukoo akimwashia tena. Wanawake hawakishiki. Si kwamba kuna mtu aliyewahi kuwakataza. Hawajawahi kupewa tu.

Na tumbaku yenyewe usifikiri ni hizi za pakiti za dukani. Jani huvunwa likianza kupiga manjano, likanyaushwa, likatwangwa kinuni, likafinyangwa mabonge, kisha mabonge yakakaa darini juu ya jiko yakila moshi mpaka yawe meusi ti. Kazi hiyo yote ilikuwa ya Hajira, miaka nenda miaka rudi. Harufu yake ilikuwa haimtoki vidoleni hata anawe kwa sabuni. Ladha yake hakuijua. Hakuwahi kuivuta hata siku moja.

Muhsin alikuwa na mengi ya kusema, kwa hiyo alimega bonge akakishindilia kiko mpaka mdomoni. Akawasha, akavuta, akaanza kwa sauti tamu.

"Jamani, sisi hatumfukuzi mtu. Tunamhurumia. Shamba kubwa, mama mwenyewe ndiye huyu, mikono miwili..."

Hajira alikuwa anamkodolea macho. Muhsin akaona pa kupata kicheko. Shemeji na shemeji hutaniana, si ndiyo? Akamnyooshea kiko.

"Au shemeji naye ana neno? Haya, shika! Vuta!"

Wanaume wakaangua kicheko. Hajira akainuka, akaenda, akakipokea.

Kicheko kikakatika.

"Aa, shemeji, nilikuwa natania," Muhsin akasema, mkono umebaki hewani.

"Umenipa, hukunipa?"

Muhsin akamgeukia mzee. Mzee Zaidi alijikuna kidevu.

"Umempa, Muhsin. Sote tumeona."

Hajira akavuta. Mama yangu! Kwanza ulikuja uchungu, ukamkamata ulimi kama ndimu changa. Halafu moto ukamshuka kooni, ukafika kifuani ukakaa hapo, haupandi haushuki. Macho yakamtoka machozi, masikio yakavuma, na ule ua wote pamoja na wanaume wake ukaanza kuzunguka polepole. Akakohoa mpaka akainama. Ila nyuma ya ukali wote ule, pale kikohozi kilipomwachia, kulikuwa na kitu kingine: utamu mzito wa sukari guru iliyoungua, na moshi wa jiko lake mwenyewe. Akashangaa. Kumbe hiki ndicho walichokuwa wakila peke yao miaka yote hii! Hasira ikampanda upya.

"Amekohoa! Amekohoa, mmemsikia!" Muhsin akapiga kelele.

"Kinawaka?" Mzee Zaidi akauliza.

"Kinawaka, lakini..."

"Basi nyamaza."

Hajira akavuta tena, makusudi, akimtazama.

"Hili shamba," akasema, sauti imekwaruza, "nimelifyeka kwa panga, Maryamu yuko mgongoni. Isihaka alipolala kitandani mwaka mzima, nani alilima? Wewe Muhsin? Jembe langu unalijua lilipo?" Akavuta. Jasho likamtoka, akakaza meno. "Mwaka ule wa ukame uliletewa mahindi hapo kwako Mnyuzi, gunia limejaa. Ukayala, na watoto wako wakala. Hukuuliza yamelimwa na mwanamume au mwanamke!"

Mtu mmoja mkekani akaguna. Muhsin akafungua mdomo, mzee akamwonyesha kiko kwa kidole.

"Mnataka niende Handeni. Wazazi wangu wote wako makaburini, nikakae na nani? Siendi! Mnasikia? Siendi, na shamba sitoi. Anayelitaka angoje nizikwe, na baada yangu yupo Maryamu."

Kiko kilikuwa kimeshindiliwa, hakiishi. Alisema yote, hata mengine ambayo hakujua kuwa yamo moyoni, mpaka jivu likapoa.

Muhsin akanyoosha mkono haraka. "Kimezimika. Lete, sasa nasema mimi."

Hajira hakumpa. Alikung'uta jivu, akamega bonge, akakishindilia mpaka mdomoni kama alivyoona kikifanyiwa. Akamtazama mzee.

Mzee Zaidi alichukua koleo, akaokota kaa la moto, akamwekea yeye mwenyewe juu ya kiko.

"Kama una la kumjibu, Muhsin," akasema, "ngoja hicho kiishe."

Muhsin alikitazama kiko kilivyojaa. Akamtazama shemeji yake, macho mekundu, mdomo umekaza. Akaokota kofia yake mkekani, akaondoka. Hajira akamrudishia mzee kiko kwa mikono miwili.

"Shamba ni la Hajira," Mzee Zaidi akawaambia waliobaki. "Atalitoa siku atakayotaka mwenyewe."

Hajira akamshukuru kwa adabu, akaenda nyuma ya jiko. Huko alitapika kila kitu, mpaka uji wa jana. Maryamu akamkimbilia na kopo la maji.

"Mama! Mama, unakufa?"

"Nife niwaachie?" Akasukutua, akatema. "Niletee jembe."

Jua lilikuwa utosini aliposhika njia ya bondeni akiyumba. Tuta alilolima siku ile lilikwenda upogo kuliko yote aliyowahi kulima, na aliliacha hivyo hivyo, upande wa barabarani, kila anayepita aone.